Weye Ulikuwa Unakula: Kwa Nini Tunaukumbuka kwa Hamu Utoto wa Shida

Jumapili moja baada ya misa tulikuwa tumekaa uani kwa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, mtaani Kadutu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tukila. Kulikuwa na wali, nyama, sombe (majani ya mihogo), na sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wa kukaanga. Mimi, kama kawaida yangu nikishashiba, nikaanza: hakuna chakula kilichowahi kuwa kitamu kama kiazi kitamu kilichochomwa majivuni kule kijijini, upande wa Nyangezi, watoto saba kwenye mkeka mmoja, mvua inapiga majani ya migomba nje. Ndugu zangu wakaitikia. Mmoja akaleta habari za mpira tuliousokota kwa majani makavu ya mgomba, mwingine za kuteleza kilimani juu ya shina la mgomba mpaka suruali inatoboka. Mama, ambaye ameshapita miaka sabini, alikuwa akichambua sambaza wake kimya. Akasema bila kuinua kichwa:

"Weye ulikuwa unakula. Miye nilikuwa natafuta."

Pakawa kimya kidogo, kisha mtu akauliza makala, yaani makaa ya kupikia, gunia ni bei gani sasa, na mazungumzo yakahamia huko.

Nimekuwa nikilizungusha neno hilo kichwani tangu siku ile, kwa sababu Bukavu hii imejaa watu kama mimi. Tulizaliwa Walungu, Kabare, Kalehe au Idjwi, tukakulia kwenye nyumba za majani na udongo, tukashuka mjini kwa ajili ya shule, kazi au vita, na sasa tunakaa Panzi au Bagira tukisifu shida tuliyoikimbia. Hakuna hata mmoja wetu anayetaka kurudi kulala sakafuni. Lakini tukikutana kwenye kilio au harusi, saa mbili hazipiti kabla mtu hajasema "enzi zile". Ni kitu gani hasa tunachokitamani? Bila shaka si njaa yenyewe.

Kiswahili kimeshatupa kidokezo. Mtu akimpigia simu mpenzi wake aliye Kinshasa anamwambia "nimekukumbuka". Hamaanishi kwamba alikuwa amemsahau. Anamaanisha kwamba kutokuwepo kwake kunamuuma. Kitenzi hicho kimoja kinabeba kumbukumbu na hamu kwa pamoja, kama vile haiwezekani kukumbuka bila kutamani. Huko Ulaya neno lake lilitengenezwa makusudi. Mwaka 1688, huko Basel, Uswisi, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Johannes Hofer aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, nostos yaani kurudi nyumbani, na algos yaani maumivu, akapata nostalgia. Kwake huo ulikuwa ugonjwa wa kutibiwa. Alieleza habari za kijana kutoka Bern aliyekuja Basel kusoma, akadhoofika mpaka watu wakaanza kumwombea. Walipoamua kumrudisha kwao, akaanza kupata nafuu akiwa bado njiani. Baadaye ugonjwa huo ulihusishwa sana na askari wa Uswisi waliouza utumishi wao kwa wafalme wa nje. Jean-Jacques Rousseau aliandika kwamba wimbo wa wachungaji wa ng'ombe wa kwao ulipigwa marufuku jeshini, maana wakiusikia walilia, walitoroka au walikufa. Sisi Bashi, watu wa ng'ombe, tusiwacheke.

Lakini angalieni: dawa ya Hofer ilikuwa kurudi. Mgonjwa wake alikosa mahali, na mahali papo, barabara ipo, unampandisha kwenye gari la farasi anapona. Sisi tunaosifu viazi vya majivuni tumekosa pia wakati, na hakuna gari linalokwenda mwaka 1985. Watu wengi wakizungumzia jambo hili huyachanganya hayo mawili, na hapo ndipo fundo linapoanza kukaza. Unaweza kupanda pikipiki asubuhi, ukafika kijijini kabla ya saa sita, ukasimama kwenye kiwanja chenyewe ulichochezea, na hamu isipungue hata kidogo. Kwa wengine huongezeka.

Tena Kivu ina balaa yake. Kwa sisi hata mahali penyewe palifungwa. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa pande zetu, mwaka 1996 vita vikaingia, mwaka 1998 vikarudi, na kwa miaka mingi baadaye vilima vya Walungu vilikuwa na watu wenye bunduki msituni. Kuna jamaa zangu waliokaa miaka kumi bila kukanyaga shamba la baba yao lililo mwendo wa saa mbili kwa gari. Tangu waasi wa M23 waingie Bukavu, Februari 2025, habari za "enzi zile" zimezidi barazani, na sishangai. Mtu asiyejua kesho itakuwaje hupumzika jana.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hilo. Tim Wildschut na Constantine Sedikides wa chuo kikuu cha Southampton, pamoja na wenzao, walichapisha mwaka 2006 utafiti ulioonyesha kwamba hamu ya zamani haiji sana wakati mtu amefurahi. Inaletwa hasa na huzuni na upweke. Inafanya kazi kama blanketi: mtu akihisi baridi ya maisha, akili inamvutia kumbukumbu yenye watu. Walipokusanya masimulizi ya watu kuhusu mambo wanayoyatamani, waliona sura inayojirudia. Msimulizi karibu kila mara ndiye mhusika mkuu, naye amezungukwa na watu wake wa karibu.

Nilipofika hapo nikaona aibu kidogo, kwa sababu nilimwona mama. Katika hadithi yangu ya kiazi, mhusika ni mimi. Mama yumo, lakini yumo kama mvua ilivyomo na kama majani ya migomba yalivyomo. Ni sehemu ya mandhari. Kiazi kinatokea majivuni chenyewe.

Sasa jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi. Wengi wetu tunaifikiria kama sanduku la bati lililo chini ya kitanda: unaweka picha, miaka arobaini baadaye unafungua, picha iko vile vile, labda imepauka. Sivyo. Frederic Bartlett, aliyefundisha Cambridge, aliwapa Waingereza wasome hadithi ya watu wa asili wa Amerika Kaskazini, kisha akawaomba waisimulie tena na tena. Mwaka 1932 alieleza alichokiona: mitumbwi ilikuwa imegeuka mashua, kuwinda sili kumekuwa kuvua samaki, na sehemu zisizoeleweka zimedondoka zenyewe. Hakuna aliyekuwa akidanganya. Kila mmoja alijenga upya hadithi kwa vifaa vya nyumbani kwake. Kumbukumbu ni kama nyumba ya udongo: kila msimu inakandikwa upya, na ukuta unaouona leo una udongo wa mwaka huu.

Na udongo wa mwaka huu haupakwi sawa kila upande. Kwa watu wengi, uchungu wa jambo hufifia upesi kuliko utamu wake. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti uliowahusu, pamoja na wengine, wanafunzi wa Marekani waliosafiri kwa baiskeli huko California kwa wiki tatu. Safarini waliandika kuhusu mvua, uchovu na kukata tamaa. Waliporudi, walisema safari ilikuwa nzuri kuliko walivyoiandika wenyewe wakiwa juu ya baiskeli. Kama wiki tatu zinaweza kulainishwa hivyo, miaka arobaini itafanya nini? Njaa ya mtoto ilikuwa ya kweli, lakini mwili hauhifadhi njaa. Huwezi leo, umeshiba, kuiita njaa ya mwaka 1985 tumboni ukaisikia. Kinachobaki ni saa ile njaa ilipokatika, yaani kiazi.

Harufu ndiyo inayomaliza kazi. Milango mingine ya fahamu hupitisha habari zake kwanza kwenye kituo cha kati cha ubongo, lakini harufu ina njia fupi kuelekea sehemu zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana moshi wa kuni za mikaratusi ukikupita jioni mtaani Essence, unajikuta una miaka minane kabla hujajua kwa nini. Moshi huohuo, kwa taarifa yako, ni muuaji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ndani ya nyumba, unaotokana hasa na kupikia kuni, makaa na mafuta ya taa, uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 peke yake. Kikohozi cha bibi yangu, ambacho kwangu ni sauti ya alfajiri na karibu ni wimbo, kilikuwa nini hasa? Sikuwahi kujiuliza nikiwa mtoto.

Niseme lakini kwamba ulaini huo si wa kila mtu. Mtu aliyefikwa na jambo la kuvunja mtu, kama vile usiku wa kuchomewa nyumba au mambo waliyotendewa mama na dada zetu vitani, uchungu wake haufifii kwa ratiba ya wanafunzi wa baiskeli. Kwake harufu ya moshi inafungua mlango mwingine kabisa. Kwa hiyo, ukiwa barazani unasifu kijiji na jirani yako amenyamaza, usimlazimishe achangie.

Kuna jambo jingine ambalo si la ubongo, ni la watu. Umaskini wa kijijini haukuwa na shahidi. Sote tulikwenda shule bila viatu, kwa hiyo kukosa viatu hakukuwa na jina. Adam Smith aliliona mwaka 1776, alipoandika kwamba kibarua wa Ulaya ya siku zake angeona haya kutoka mbele za watu bila shati la kitani, ingawa Wagiriki na Warumi wa kale, waliokuwa hawana kitani, waliishi vizuri tu. Kitu kinakuwa cha lazima pale kukikosa kunapokuwa fedheha. Nilihisi umaskini kwa mara ya kwanza nilipofika Bukavu kuanza sekondari. Kandambili zangu zilikuwa za rangi mbili, mguu wa kushoto bluu na wa kulia nyekundu. Kijijini zilikuwa fahari, maana zilikuwa kandambili. Siku ya kwanza darasani mtoto mmoja wa Ibanda, mtaa wa hapa mjini, aliziangalia, kisha akanitazama usoni, kisha akaziangalia tena. Hakusema kitu. Kijioni nilizipaka masizi ya sufuria zote mbili ili zifanane.

Ukiniuliza ninachokitamani hasa ninaposema natamani kijiji, sehemu kubwa ni muda ule kabla ya macho ya yule mtoto. Natamani kutopimwa.

Hadi hapa nimekuwa nikiitetea hamu yetu. Sasa niigeuze upande wa pili, kwa sababu kuna wasiokuwepo barazani.

Wazee wa hapa wanalo neno bwaki. Nywele za mtoto zinageuka rangi kama ya kutu na kunyofoka, miguu na uso vinavimba, ngozi inabanduka, naye hataki kucheza wala kula. Madaktari wanauita kwashiorkor, neno lililotoka kwa Waga wa Ghana, likimaanisha ugonjwa unaompata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa, yaani anapoachishwa ziwa na kuingizwa kwenye chakula cha wanga mtupu. Bushi, nchi yetu Bashi, ilijulikana kwa bwaki kiasi kwamba kituo cha utafiti cha Lwiro na hospitali ya Katana viliuchunguza kwa miaka mingi, tangu wakati wa Wabelgiji. Mihogo yetu na viazi vyetu, ambavyo leo tunaviita chakula halisi kisicho na kemikali, ndivyo vilivyokuwa sahani ya watoto hao. Na Idjwi, kisiwa ambacho kila mtu wa Bukavu hukisifu kwa utulivu na mananasi, kilipata umaarufu katika vitabu vya udaktari miaka ya 1960 kwa sababu ya tezi la shingo. Watafiti walikuta udongo hauna madini joto ya kutosha, na mihogo isiyoandaliwa vizuri ilizidisha shida. Wako wazee mnaowakumbuka wenye shingo zilizovimba. Kwetu watoto walikuwa tu "wale wazee".

Katika miaka ya 1980, ndiyo hiyo miaka yangu ya viazi, zaidi ya watoto 150 kati ya kila 1,000 waliozaliwa Zaire walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwetu mkekani tulikuwa saba, nimesema. Mama alizaa tisa. Anayesema "sisi tulikula mihogo tu na mbona tuko hai" anasema kweli, ila anasahau kwamba ni walio hai tu wanaoweza kuisema sentensi hiyo.

Ndiyo maana ninaiogopa hamu hii inapotoka mezani na kuwa hoja. Mzazi anaambiwa mtoto hana kitabu, anajibu kwamba yeye aliandika chini kwa kidole. Mwalimu hajalipwa, anaambiwa walimu wa zamani walikuwa na wito. Walimu wa zamani walikuwa pia na mshahara. Ulipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi ndio walioanza kuwalipa kwa kile tulichokiita prime, na ikawa hivyo kwa karibu miaka thelathini, mpaka elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019. Watoto waliofukuzwa darasani kwa sababu ya prime hawaandiki sifa za utoto wa shida. Shibe mwana malevya, waliimba wahenga. Mlevi wa shibe anaisifu njaa, kisha anawapangia wengine waile.

Turudi kwenye sahani ya sambaza niliyoiacha pale mwanzoni, maana ina mchezo wake. Hakuna chakula ambacho mtu wa Bukavu aliye Ulaya hukililia kama sambaza. Ni ziwa letu, ni mababu zetu, ni wavuvi wanaoimba usiku, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa nguzo ndefu. Lakini samaki huyo si mwenyeji. Aliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, kwa sababu ziwa letu lilikuwa na samaki wachache na watu walikuwa wakikosa nyama ya kujenga mwili. Mama alikuwa msichana sambaza walipoingia. Anasema bibi yake hakumjua samaki huyo mpaka anakufa. Kwa hiyo "chakula cha mababu" ni kichanga kuliko mama yangu, na kililetwa ili kupunguza shida ileile ambayo sisi tunaikumbuka kama raha. Sijui nicheke au nile.

Na kijiji chenyewe? Nilikwenda mara ya mwisho kabla ya mambo haya ya 2025. Shamba la babu limegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka kipande cha binamu yangu unaweza kukivuka kwa hatua hamsini. Migomba iliyokuwa ikipigwa na mvua haipo tena. Mnyauko, ugonjwa wa bakteria ambao kwa nchi yetu uligunduliwa kwanza Masisi, Kivu Kaskazini, mapema miaka ya 2000, ulishuka mpaka kwetu: majani yanageuka manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza, mkulima anang'oa. Bila ndizi hakuna kasiksi, pombe ya ndizi, na bila kasiksi wazee hawana pa kukutania jioni. Watoto wa binamu yangu wanachezea mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kwa kamba. Walikuwa na furaha kabisa. Miaka arobaini ijayo wataililia hiyo plastiki.

Wiki mbili baada ya ile Jumapili nilimwendea mama peke yangu. Nilitaka kujua kama yeye hana anachokikumbuka, au maisha yote ya kijijini kwake yalikuwa kutafuta. Alikuwa amekaa mlangoni, kitambaa amekivua, na juani ilionekana vizuri ile alama ya paji la uso, mfereji mpana kama vidole viwili unaotoka sikio hadi sikio. Ni kamba ya mzigo. Mara mbili kwa wiki, kwa miaka mingi, alibeba ndizi au makala mgongoni, kamba kichwani, kutoka kwetu mpaka sokoni Bukavu, zaidi ya kilomita ishirini za milima. Jioni tulimngojea barabarani kwa sababu ya mandazi aliyotununulia, yamefungwa kwenye jani. Mandazi hayo yamo pia kwenye orodha yangu ya raha.

Nikamwuliza: "Mama, miye nakumbuka viazi. Weye unakumbuka nini?"

Alifikiri mpaka nikadhani hajanisikia.

"Barabara," akasema.

Nikasema, "Barabara ile ya mizigo?"

"Tulikuwa tunatoka saa nane usiku, wanawake sita. Giza. Yule mama wa mapacha alikuwa anatangulia sababu hakuogopa nyoka. Tulikuwa tunaongea mabaya ya mabwana zetu mpaka kunakucha, baba. Tunacheka mpaka mtu anaweka mzigo chini." Akacheka mwenyewe, akajifuta jicho kwa ncha ya kitenge. "Mumoja alikuwa anaweza kuiga sauti ya padri. Huyo alikufa wakati wa vita. Mama wa mapacha iko Uvira kwa mtoto wake, nasikia haone tena."

Kisha akaanza kuwahesabu kwa vidole, akafika wa tano, wa sita akamkosa. Alikaa ameshika kile kidole kwa muda. Alipoona bado nangoja, akaniambia niingie ndani nimletee simu, ampigie dada yake, yeye atamkumbuka.